Fundi Aliyeona Mabomba Yangu Kabla Hayajafukiwa

Nilipoacha kuajiriwa nikaanza kujitegemea kama fundi bomba, kila mtu alikuwa akiniambia chema chajiuza. Kwa seremala ni kweli: meza yake inakaa sebuleni, wageni wanaiona, wanauliza nani kaitengeneza. Bomba haliko hivyo. Ukishalilaza, mwashi anapiga plasta, fundi wa vigae anabandika, na kazi yako nzuri inafukiwa. Mwenye nyumba hana namna ya kuijua. Anayejua kama mabomba yamenyooka, yameshikwa na klipu na viungo vyake vimekaa sawasawa, ni fundi anayeingia baada yako.

Mteja wangu wa kwanza wa maana aliletwa na mtu wa namna hiyo, fundi wa vigae. Tulikuwa tumekutana kwenye jengo moja tu, na zaidi ya salamu hatukuwa tumeongea. Nilikuwa nimemaliza bafu, nikajaza maji kwenye mabomba, nikayapandisha presha kwa pampu ya mkono, kisha nikaiacha geji, kile kipimo cha presha chenye sindano, palepale wakati yeye anabandika. Huwa nafanya hivyo makusudi. Fundi akitoboa bomba kwa bahati mbaya, sindano ya geji inashuka papo hapo, na tatizo linarekebishwa kabla vigae havijashika. Kumbe siku ile nzima alikuwa akiitupia macho geji ile.

"Kaka, wewe si ndiye yule wa geji?" aliniuliza kwenye simu. "Njoo unisaidie. Mwenye nyumba amenikalia kooni."

Ukuta wa bafu aliokuwa amebandika ulikuwa umeanza kutoa unyevu upande wa pili, chumbani, hadi rangi inababuka. Aliyelaza mabomba hapokei simu. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshakata shauri kwamba vigae ndivyo vinavyopitisha maji, na kwamba ukuta mzima ubomolewe kwa gharama ya aliyevibandika.

Nilipofika nilimwamkia mama, nikamwomba anipe nafasi ya kupima kabla ya mtu yeyote kushika nyundo. Tukafunga koki zote za nyumba, nikampeleka mwenyewe kwenye mita ya maji. Kile kigurudumu kidogo cha mita kilikuwa bado kinazunguka, polepole lakini hakisimami. Maji yanatoka mahali, na hakuna anayeoga. Hapo mama akaelewa, bila mimi kueleza sana, kwamba tunazungumzia bomba. Kisha nikafunga valvu inayoingiza maji kwenye hita. Kigurudumu kikasimama. Bomba la maji moto.

Baada ya hapo kilichobaki kilikuwa kutafuta mahali penyewe. Maji hushuka, kwa hiyo nilitazama doa la chumbani linapoanzia juu, nikapima kimo chake kutoka sakafuni, nikakihamishia bafuni. Fundi wa vigae alikata kwanza grauti, ule ujazo wa kati ya vigae, kuzunguka vigae viwili, akavibandua bila kugusa vya jirani. Nilimtazama akifanya hivyo kwa utulivu, mtu aliyekuwa akitukanwa asubuhi ile, nikajua ni mtu ninayeweza kumpeleka kwa mteja wangu yeyote.

Nyuma ya vigae kulikuwa na elibo, kiungo cha kona, inayotoa jasho la maji. Nilikikata kiungo kizima, nikakipasua kwa urefu kwa msumeno. Bomba hizi za plastiki za kuunganisha kwa moto zinapashwa kwa mashine yenye joto la nyuzi 260 za Selsiasi hivi. Bomba la milimita 20 linakaa kwenye moto sekunde 5. Ukizidisha, plastiki iliyoyeyuka inaziba tundu la ndani. Ukipunguza, kiungo kinashika kwa juujuu tu. Kinaweza kuvumilia kwa muda, halafu maji ya moto yanapolitanua bomba na kulirudisha mara kwa mara, kinaachia. Kiungo kilichoiva ukikipasua huoni bomba linaishia wapi na elibo inaanzia wapi. Hiki kilikuwa na mstari mweusi mwembamba, umezunguka kote. Nilimpa mama akishike mkononi.

"Kwa hiyo vigae havina kosa?" akauliza.

"Havina kosa, mama. Kiungo hiki ndicho hakikuiva."

Aliyekiunga sikumsema. Hakuwepo kujitetea, na mama alihitaji kujua chanzo tu. Niliunga kipande kipya, nikapandisha presha, tukaiacha geji mpaka kesho yake. Sindano haikusogea, vigae viwili vikarudi mahali pake, nikalipwa.

Jioni nilimpigia fundi wa vigae kumweleza nilivyomalizana na mama na alichosema. Hili ninalishikilia mpaka leo: aliyekutaja amekuazima jina lake, na ni haki yake kujua limetumikaje. Halafu nikamuuliza kamisheni yake ni kiasi gani, maana wengine wanadai.

"Nikichukua hela yako," akasema, "siku nyingine nikimtafutia mtu fundi, nitakuwa namtafutia yeye au naitafuta hela? Wewe ukiona ukuta unaotaka vigae, nitaje."

Sina ugomvi na kamisheni, mradi mteja aambiwe wazi. Lakini nilivutiwa na bei yake, kwa sababu ilinilazimu na mimi nianze kutazama kazi za wenzangu kwa makini. Mama yule alipotaka mtu wa kumrekebishia taa, nilimtaja fundi umeme ambaye nilikuwa nimeona maboksi yake ya nyaya kabla hayajafunikwa. Nilimwambia mama nimeona nini kwa macho yangu, na kwamba bei zake sizijui. Nikampigia fundi kwanza kumuuliza kama ana nafasi, kwa sababu kumtaja mtu asiye na nafasi ni kumharibia. Kupitia hao wawili nikafahamiana na mwashi mmoja, na kupitia mwashi, msimamizi wa majengo.

Fundi wa vigae naye akajiwekea utaratibu. Habandiki kigae cha kwanza mpaka mwenye nyumba amekubali mabomba yapimwe presha, aliyeyalaza awe nani. Baadhi ya mafundi bomba walinuna, wakaona mimi nimetumwa kuwakagua. Mmoja wao tulibishana vikali mbele ya geji, na presha yake ikasimama bila kuyumba mpaka asubuhi. Nilimwambia mwenye nyumba hivyo hivyo, na yeye akiwepo. Siku hizi kazi zikimzidi, huniita mimi.