Kaloli muuaji: mnyama wa filamu lazima akanyage chini

Watu wakicheka filamu za televisheni za mnyama anayeua mjini, husema mnyama ni wa kompyuta. Sawa, lakini mtazamaji wa kibanda cha video cha Kampala humsamehe mnyama wa kompyuta mapema tu. Asichosamehe ni mnyama anayeelea, anayepita katikati ya watu bila hata mwavuli wa mobile money kutikisika. Pale Sharknado, filamu ya papa wanaobebwa na kimbunga iliyorushwa na kituo cha Syfy Julai 2013, jua linawaka kwenye picha moja na dhoruba inavuma kwenye inayofuata. Kule wamelifanya kichekesho wakauza. Wewe unayetaka kutengeneza filamu yako ya namna hiyo hapa Kampala, na huna jina hilo, chunga.

Kwanza mnyama. Achana na papa, hapa hatuna bahari. Kaloli, yaani korongo marabou, yupo tayari juu ya nguzo za taa na kwenye majalala: urefu unakaribia mita moja na nusu, mabawa yakikunjuliwa hupita mita mbili, kichwa kina upara, na miguu ni myeupe kwa sababu hujinyea ili apunguze joto. Sura ya kutisha ameshakamilisha mwenyewe. Mkuze mara nne awe na mita sita, kichwa kifike dirisha la ghorofani. Ndege halisi wapige picha kwa mbali tu. Kumkamata au kumsumbua ni kujitafutia kesi ya wanyamapori, na pia mdomo ule si wa kuchezea.

Ukubwa hauonekani kwa kimo peke yake, huonekana kwa mwendo. Kanuni ya mafundi wa modeli ndogo za filamu ni kipeuo cha pili cha ukubwa: mnyama aliyekuzwa mara nne asogee taratibu mara mbili. Hatua ambayo kaloli wa kawaida huipiga kwa sekunde moja, wako aipige kwa sekunde mbili. Ukisahau hili utapata kuku mkubwa anayekimbia.

Sasa mwanga, ambapo filamu nyingi hufia. Vitabu vya kamera husema piga asubuhi na jioni. Kwa picha zenye ndege, Kampala, fanya kinyume. Tuko karibu kabisa na ikweta, na mwezi Machi na Septemba jua hukaa utosini karibu saa saba mchana. Kivuli cha kila kitu kinakuwa kidoa chini ya miguu, na kidoa kimoja ndicho utakachohitaji kumchorea ndege. Saa mbili asubuhi kivuli chake kingekuwa kirefu, kingepanda juu ya boda, kikavunjika kwenye ukuta wa duka, kikashuka mtaroni, na kila mvunjiko ungekugharimu siku ya kazi. Ubaya wa saa saba ni kwamba macho ya waigizaji yanazama gizani; mtu mmoja akae chini na shuka jeupe lililowambwa kwenye fremu ya mbao, arudishe mwanga usoni. Msimu wa mvua, mawingu hubadilika ndani ya dakika chache, kwa hiyo piga picha zote za ndege mfululizo na mazungumzo uyaache baadaye.

Kamera ikae kwenye stendi, isiguswe. Ukipiga kwa simu huku unakimbia, picha hupinda pembeni na programu haitaweza kufuatilia mwendo wa kamera; miguu ya ndege itateleza kama ya mtu aliyevaa soksi kwenye sakafu ya vigae. Piga kwa 4K, utoe filamu kwa HD, halafu mtikisiko uuongeze kwenye kompyuta, maana sasa una nafasi ya kukata kingo. Fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50 ya sekunde: umeme wetu ni wa hezi 50, na taa za sokoni zinaweza kumemeta ukiweka vingine.

Kisha mguso. Kila mguu unapotua, kitu halisi lazima kijibu kwenye fremu hiyohiyo. Funga uzi wa kuvulia samaki kwenye mwavuli, kwenye ndoo, kwenye rundo la maboksi, na mtu nje ya picha avute kwa hesabu ya moja, mbili, tatu. Kiganja cha majivu makavu kikirushwa kutoka chini ya picha kinatosha kuwa vumbi la hatua. Waigizaji wote watazame dirisha moja uliloliteua. Umati ambao kila mtu anatazama pake ndio kosa la kawaida kuliko yote, na hakuna programu ya kulirekebisha.

Kwa picha za karibu tengeneza mdomo wenyewe. Wa kaloli hufika sentimita 30, wako uwe 120. Bomba la plastiki katikati, sponji ya godoro iliyochongwa pande zote, kitambaa kilicholowekwa gundi ya mbao juu yake, kikikauka ndipo rangi. Ukizidi kilo tatu, mikono ya anayeushika itatetemeka na mnyama ataonekana mlevi. Piga kwa fremu 50, uonyeshe kwa 25, ili mwendo wake nao uwe taratibu mara mbili.

Damu: kilo moja ya sukari kwenye nusu lita ya maji ya moto, rangi nyekundu ya chakula, kijiko cha kakao. Ikiwa ya waridi, kakao haijatosha. Huita nyuki na sisimizi, basi ifunikwe. Wakaliga, mtaa wa Kampala anakotengenezea filamu zake Nabwana, walishaonyesha kwamba kondomu yenye rangi na uzi wa kuvulia vinatosha kupasua kifua cha mtu. Andaa shati tatu zinazofanana kwa kila anayekufa.

Hesabu ya kompyuta ifanye kabla ya kuandika hadithi. Picha 30 za sekunde tatu ni sekunde 90, yaani fremu 2,250. Blender, programu ya kumchora ndege kwa 3D, ikitumia dakika tatu kwa fremu, ni saa 112 na nusu bila kuzima. Umeme utakatika. Toa kila fremu kama faili lake la picha la PNG, usitoe video nzima. Ukikatika unaendelea pale ulipoishia badala ya kuanza upya. Hizo sekunde 90 ndizo ndege wako wote kwa filamu ya dakika 85 hivi, kwa hiyo zigawe: shambulio moja ndani ya dakika kumi za kwanza, na moja kabla ya kila tangazo. Kwingineko ni kivuli, manyoya yanayodondoka, na mwanajeshi anayefoka kwa Kiswahili. Mwanajeshi wa Uganda akifoka kwa Kiingereza hakuna atakayemwamini.

Kaloli karibu ni bubu, hugonganisha mdomo tu. Rekodi vipande viwili vya mwanzi vikigongana, shusha sauti mpaka iwe nzito. Mlio huo uje sekunde mbili kabla ya mdomo kushuka, maana hapo ndipo veejay, yule anayetafsiri filamu kibandani na kuitania, atakapoingia na utani wake. Mpe mazungumzo kwenye faili moja na milio kwenye jingine. Akipewa faili moja atapunguza sauti yote kila anapofungua kinywa, na ndege wako atanyamaza katikati ya kumla mtu.