Kumi na nne mgongoni

Alhamisi ya tarehe 24 Machi 2016 nilishuka stendi ya Kisumu kutoka Nakuru, begi moja begani na nywele za miezi miwili kichwani. Kesho yake ilikuwa Ijumaa Kuu, na mama hataki mtu aingie kanisani na kichaka kichwani. Kwa hiyo kabla hata ya kufika nyumbani nilipitia Kaloleni, kwa kinyozi aliyeninyoa tangu darasa la nne.

Nilikuta watu wamekaa kimya, na kwa kinyozi yule kimya si jambo la kawaida. Nikadhani ni habari za Harambee Stars, timu yetu ya taifa, maana siku moja kabla walikuwa wamefungwa 1-0 na Guinea-Bissau kule Bissau. Nikaanza kusema pole, kinyozi akanikatiza.

"Si hiyo. Cruyff amefariki."

Redio ilikuwa imetangaza jioni ile. Johan Cruyff, yule mwanasoka Mholanzi wa jezi namba 14, miaka 68, saratani, mjini Barcelona. Na kwenye kiti, shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, alikuwa ameketi Mwalimu wangu wa michezo wa sekondari. Alikuwa amestaafu miaka michache nyuma na mvi zilikuwa zimemshika.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja siku mbaya, kijana wangu."

Nilimpa pole kama mtu aliyefiwa, na sikuwa natania. Mwaka 1974 yeye alikuwa kijana wa chuo cha ualimu, na Kombe la Dunia la mwaka ule alilifuata kwa redio na magazeti. Picha zenyewe aliziona miaka mingi baadaye, kwenye kanda ya video aliyoitazama hadi ikaanza kukwaruza. Tulipokuwa wanafunzi, jina la Cruyff tulilisikia uwanjani kila juma. Kisha nikasema neno ambalo kwangu lilikuwa la heshima:

"Basi 14 imebaki na mmoja."

Mwalimu akageuza shingo ghafla. Kinyozi akainua mashine juu asije akamkata.

"Mmoja nani?"

"Thierry Henry wa Arsenal, Mwalimu."

Ubishi ukaanzia hapo.

Lazima nieleze kwa nini jina lile lilinitoka haraka hivyo. Mwaka 2004 nilikuwa kidato cha pili. Jumapili moja mama alininunulia jezi ya Arsenal pale soko la Kibuye, mtumba mzuri usio na tobo, ila mgongoni ilikuwa tupu. Alikata namba kutoka kwenye shuka jeupe lililochakaa, akaishona kwa mkono usiku, kwa taa. Ile 1 ilisimama imeinama kidogo kuelekea 4, kama mtu anayemnong'oneza jirani yake. Niliivaa mpaka nyuzi za pembeni zikaachia. Huo ndio msimu ambao Arsenal walimaliza ligi bila kufungwa, mechi 38, ushindi 26 na sare 12, na Henry akapachika mabao 30. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma kabisa ndani ya ukumbi wa kutazamia mpira, mbele yangu vichwa vya watu wazima, nikimwona mtu mrefu akitokea upande wa kushoto, akifungua mwili, akiuviringisha mpira kwa mguu wa kulia hadi kona ya mbali. Nilijua bao litaingia kabla hajapiga. Hakuna mchezaji mwingine aliyewahi kunipa uhakika wa namna ile.

Nilianza na mabao yake 228, rekodi ya Arsenal. Kabla Mwalimu hajafungua mdomo, mwendesha boda mmoja aliyekuwa akisubiri zamu akaingilia: "Na ule mkono? Mwaka 2009 aliushika mpira, Ireland wakabaki nyumbani, Ufaransa wakaja Kombe la Dunia Afrika Kusini. Huyo ndiye wa kumweka juu?"

Nilimjibu kwamba siku ile Henry alivaa 12. Timu ya taifa alichezea 12 na Arsenal alichezea 14. Nilitarajia Mwalimu anipinge, lakini alikubaliana nami.

"Ana haki," akasema. "Hapa hatubishanii mtu, tunabishania namba. Kilichofanywa ndani ya 14 kihesabiwe. Kilichofanywa nje yake kikae nje."

Ni mwalimu yule yule aliyekuwa akitupulizia filimbi hata tulipokuwa tukicheza dhidi ya timu ya walimu wenzake. Kanuni aliyoiweka ilitukata sote wawili. Mimi nilipoteza Kombe la Dunia la 1998 na Euro 2000. Nikapoteza pia mabao 2 ya mwaka 2012, aliporudi Arsenal kwa mkopo na kuvaa 12, likiwemo lile alilowafunga Leeds usiku ambao mimi binafsi nililia. Yakabaki 226. Mwalimu naye alipoteza zaidi. Barcelona walipomchukua Cruyff mwaka 1973, ligi ya Hispania ilitaka waanzao mchezo wavae 1 hadi 11, kwa hiyo alivaa 9. Ushindi wa 5-0 nyumbani kwa Real Madrid, Februari 1974, ambao Mwalimu alikuwa ametusimulia mara zisizohesabika, ukatoka mezani. Nilimwona akiumia kuuachilia, na akauachilia.

Hapo nikapata nafasi. "Ile 14 ambayo Cruyff hakuivaa kwenye ligi pale Barcelona, Henry aliivaa. Mwaka 2009 walimfunga Real Madrid 6-2 kwao, mabao 2 yake. Na mwezi huo huo wakachukua ubingwa wa Ulaya."

Watu wakapiga kelele. Kinyozi akazima redio.

Mwalimu hakukimbilia vikombe, ingawa alikuwa navyo: fainali ya Ulaya ya 1972, Ajax dhidi ya Inter, mabao yote 2 yalikuwa ya Cruyff. Alitaja hilo kwa sentensi moja tu, akaliacha. Aliniuliza swali.

"Wewe mwaka 2004 uliniomba jezi namba gani?"

"Kumi na nne."

"Na ulikuwa unaanza au unakaa benchi?"

"Nilikuwa naanza."

"Unajua nilipoanza kufundisha, mtoto nikimpa 14 alikuwa anafanyaje? Alikuwa analia. Kumi na nne ilikuwa ya benchi, tena mwisho wa benchi, karibu na ndoo ya maji. Mtu wa kwanza alivaa 1 mpaka 11. Kadenge, mshambuliaji wetu wa Kenya, aliwatesa mabeki wa Afrika Mashariki nzima enzi ambazo ukivaa zaidi ya 11 maana yake unasubiri mwenzako aumie. Huyu Mholanzi mwaka 1970 ametoka kwenye majeraha, yeye ndiye mchezaji bora wa timu, akaichukua 14 akaingia nayo uwanjani tangu mwanzo. Kombe la Dunia la 1974 Uholanzi waligawa namba kwa alfabeti. Kipa Jongbloed akavaa 8! Namba 1 akapewa Geels, mshambuliaji! Lakini Cruyff aliachiwa 14 yake. Henry aliikuta namba ina jina tayari."

Kisha akainuka. Shuka bado shingoni, nusu kichwa, akachukua kopo la poda kwenye meza ya kinyozi akaliweka sakafuni katikati ya nywele za watu. Kinyozi alitaka kumzuia kwa sababu ya goti lake, akaona uso wake akanyamaza.

"Dortmund, tarehe 19 Juni 1974," akasema. "Beki wa Sweden anaitwa Jan Olsson. Yuko hapa." Akanisogeza kwa kiganja mpaka nikawa nyuma ya bega lake.

Mkono mmoja ameshika mgongo wa kiti. Akainua mguu wa kulia kama anayetaka kupiga krosi ndefu, bega likaenda, jicho likaenda, na mimi, naapa, uzito wangu wote ukaenda huko. Mguu haukupiga. Ulishuka polepole, ukalivuta kopo kwa upande wa ndani, likapita nyuma ya mguu wa kushoto, na Mwalimu akawa amegeuka, amenipa mgongo, anatazama mlango. Kopo lilibiringika hadi kwenye kizingiti. Nywele nyeupe zikamdondoka kutoka kwenye shuka. Alikuwa anahema.

"Mechi ile iliisha bila bao," akasema. "Hakuna aliyefunga. Lakini hadi leo kila mtoto anayegeuka hivyo, hapa Kaloleni, Nyalenda, popote, anageuka kwa jina lake."

Nilimsaidia kukaa. Nilikuwa nimeguswa, lakini sikukubali, na ninaandika hapa nilichomwambia kwa sababu bado ndicho ninachoamini. Nilimwambia kwamba Cruyff ndiye aliyeifanya 14 iwe namba, hilo nampa lote. Lakini mama yangu hakukaa na sindano usiku kwa ajili ya Cruyff. Kizazi chetu kizima cha Kisumu kiliijua 14 kutoka mgongoni mwa Mfaransa mweusi tuliyemwona kwa macho, wiki baada ya wiki, miaka minane. Aliyeivaa vizuri zaidi ni yule aliyewafanya wengine watake kuivaa. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, akampa kinyozi ishara amalizie ile nusu.

"Kesho usiku Uholanzi wanacheza na Ufaransa, Amsterdam," akasema kwenye kioo. "Wako na wangu. Uje unichukue, mguu huu haupendi giza."

Mama hakufurahia mimi kutoka usiku wa Ijumaa Kuu. Nilipomtajia Mwalimu, alinipa tochi.

Ukumbi ulikuwa umejaa, shilingi 30 kwa kichwa, benchi za mbao, dirisha moja. Mechi ilianza karibu saa tano usiku. Mwalimu alivaa koti la suti. Griezmann akafunga mapema kwa mpira wa adhabu, Giroud akaongeza dakika ya 13, na vijana wa Arsenal waliokuwa pale wakamshangilia Giroud wao. Sikushangilia. Nilikuwa naangalia saa iliyo kwenye kona ya televisheni, na niliona Mwalimu pia anaiangalia.

Dakika ya 14 mpira ukasimamishwa. Uwanja mzima ukaanza kupiga makofi, wachezaji wa pande zote wakapiga makofi. Mwalimu alikuwa ameshasimama, amevua kofia. Yule mwendesha boda wa jana akasimama, kisha mimi, kisha benchi letu, kisha benchi zote, hata watoto waliokuwa wamekaa chini mbele. Tulipiga makofi ndani ya chumba kile cha mabati mpaka mbwa wa jirani wakaanza kubweka. Mwalimu hakupiga. Alishika kofia kifuani kwa mikono miwili mpaka mpira ulipoanza tena.

Kipindi cha pili Uholanzi wakarudisha yote mawili, la pili likiwa limebaki dakika chache. Sare ingetosha, nilifikiri, sare ingekuwa haki kwa sisi wawili.

Dakika ya 88 Ufaransa wakapata la tatu. Lilikuwa la Blaise Matuidi. Watu wakaruka, mtu akamwaga chai, na katikati ya vurugu ile nikahisi vidole vya Mwalimu vimenikamata juu ya kiwiko, kwa nguvu ambayo sikudhani bado anayo. Alikuwa amenyoosha fimbo kuelekea kwenye televisheni, kwenye mgongo wa jezi ya Matuidi.

Kumi na nne.

"Huyo," akaniuliza sikioni, "wako au wangu?"

Nilimwekea mkono wangu juu ya wake. Bado tulikuwa tunaitazama ile namba wenzake walipomzunguka wakaifunika.