Shajara: usiku mmoja na punje moja ya jeli

Jumamosi, saa 1 usiku

Usiku ndio wakati wa kazi hii: kupiga kwa simu picha nyingi za punje ya jeli, ile punje ndogo kavu inayokunywa maji na kuvimba, kisha kuziunga ziwe video. Mchana kila wingu likipita dirishani mwanga hubadilika, na video inatoka ikipepesa. Usiku inatosha taa moja ya LED ubavuni na karatasi nyeusi nyuma ya chombo. Karatasi nyeusi ni ya lazima: punje iliyoshiba ni maji karibu yote, hupitisha mwanga kama maji yenyewe, kwa hiyo isipomulikwa ubavuni ukingo wake unapotea.

Chombo kiwe cha kioo bapa. Bilauri ya mviringo hupinda picha. Maji ya mvua ndiyo bora. Ya kisima mara nyingi yana chumvi na chokaa, na punje hubaki ndogo. Yachemshe, yafunike, yaache yapoe kabisa, la sivyo hewa iliyomo itajitokeza kama vipovu na kung'ang'ania kwenye kioo na kwenye punje.

Ikiachwa huru, punje hubingirika kadiri inavyokua, ikatoka kwenye fokasi. Siku moja kabla, kata kipande cha milimita 3 cha mrija wa wino wa kalamu, kibandike wima chini ya chombo kwa gundi ya silikoni, iache ikauke siku nzima. Tundu lake ni dogo kuliko punje, kwa hiyo punje hukaa juu yake kama yai kwenye kikombe.

Kupanga fremu, tumia punje nyingine iliyolowekwa tangu jana. Ikae ndani ya picha nzima, fokasi ifungwe, kisha itolewe. Mwanga, mizani ya rangi na ISO (unyeti wa kamera kwa mwanga) vyote viwekwe kwa mkono. Shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, iwe 1/25 ya sekunde: shata ya kasi inaweza kudaka mpepeso wa taa.

Saa 2 usiku

Punje inaingia, milimita 2 na nusu.

Wengi huweka picha moja kila sekunde 30 tangu mwanzo hadi mwisho, wakapata video ya mpira unaovimba. Naona hapo wanapoteza kitu kizuri kuliko vyote. Ndani ya dakika chache ngozi ya punje inaanza kujikunja, vinundu vinajitokeza kila upande, na punje nzima inafanana na ganda la topetope. Tabaka la nje limeshakunywa maji na linataka kutanuka, lakini kiini bado ni kikavu na kigumu, kinalishikilia. Ngozi haina pa kwenda ila kujikunja. Maji yanavyozama ndani, vinundu vidogo vinaungana kuwa vikubwa, mikunjo inapungua, hadi punje inakuwa laini kama kioo.

Kwa sababu hiyo saa ya kwanza ni picha moja kila sekunde 5: picha 720, yaani sekunde 30 za video kwa fremu 24 kwa sekunde. Saa saba zilizobaki ni kila sekunde 30: picha 840, sekunde 35. Kwa picha za megabaiti 4, andaa nafasi ya gigabaiti 6 na ziada. Simu iwe kwenye hali ya ndege, na taa na simu vyote vitumie pawabenki, maana umeme ukikatika saa 7 usiku kazi yote imekwisha.

Saa 10 alfajiri

Punje imefika milimita 12. Hesabu punje zote kabla ya kuondoka mezani. Mtoto akimeza moja, huvimba tumboni na inaweza kuziba utumbo. Akimeza, ni hospitali mara moja. Kwenye sinki nako zisimwagwe. Zikaushwe juani, zitupwe kwenye taka.

Ila hii moja ibaki kwenye kiti chake. Koroga kijiko cha chumvi kwenye maji ya chombo kingine, yamimine taratibu chomboni, rudisha kamera kwenye sekunde 30. Punje inaanza kuyarudisha maji iliyoyanywa.