Mizigo ya kituo cha anga: kwa nini chombo kimoja hakitoshi

Roketi ikipaa salama, wengi huhesabu mzigo umeshafika. Bado sana. Chombo kikishaachana na roketi kina siku moja, mbili au tatu za kukifukuza Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu (ISS), kinachozunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 400 na kidogo kwa mwendo wa karibu kilomita 7.7 kwa sekunde. Ajali nyingi zilizokaribia kutokea zilikaribia huko, baada ya matangazo ya moja kwa moja kufungwa.

Tangu shuttle, vyombo vyake vya kubeba watu na mizigo, zilipostaafishwa mwaka 2011, NASA, shirika la anga la Marekani, haina chombo chake cha kupeleka mizigo. Inanunua usafiri. Desemba 2008 ilitoa mikataba miwili: SpaceX, safari 12 kwa dola bilioni 1.6, na Orbital Sciences, ambayo leo ni sehemu ya Northrop Grumman, safari 8 kwa dola bilioni 1.9. Ya kwanza inarusha chombo kiitwacho Dragon, ya pili kiitwacho Cygnus. Wapo wanaoona huko ni kulipa mara mbili kwa kazi moja. Mimi naona ndio uamuzi wa maana kuliko yote katika mpango ule, na ukiufuata mzigo wenyewe kutoka ghalani hadi mwisho wake utaona sababu.

Tuanze na upakizi. Karibu kila kinachoingia ndani hutiwa kwenye mifuko ya kitambaa kigumu kinachostahimili moto. Mfuko wa kipimo cha kawaida una takriban sentimita 50 kwa 42 kwa 25. Ipo ya nusu yake, ya maradufu na ya mara tatu, kusudi yote ipangike bila kuacha mapengo. Ndani yake vitu hukingwa kwa sponji, kwa kuwa mtikisiko wa dakika za kwanza ni mkali. Kila mfuko hupimwa uzito na mahali pake hujulikana kabla haujapakiwa, kwa sababu kitovu cha uzito wa chombo kizima lazima kiwe pale hesabu inapotaka. Kikisogea, msukumo wa injini kuu haupiti katikati, chombo kinataka kugeuka, na injini ndogo zinaanza kuchoma mafuta ya kunyoosha mwelekeo badala ya mafuta ya safari.

Mpangilio wa mlangoni nao una kanuni zake. Kinachohitajika kwanza hukaa karibu na mlango: sampuli za baridi, wanyama wa majaribio, kipuri kinachosubiriwa. Hivyo ndivyo pia hupakiwa mwisho, saa 24 hivi kabla ya kuruka, wakati roketi imeshakamilika. Cygnus ilipohamia kwenye Falcon 9, roketi ya SpaceX, mwaka 2024 jambo hili lilizua kazi ya ziada, maana roketi ile hufunika mzigo wake kwa ganda lisilo na mlango. Ikabidi ganda litobolewe mlango wa ubavuni, wa takriban mita 1.5 kwa 1.2, ili mafundi waingize mifuko ya mwisho.

Orodha ya mzigo yenyewe haitulii. Mwaka 2024 pampu ya mtambo unaogeuza mkojo kuwa maji iliharibika kituoni. Pampu mpya, kilo 70 hivi, ikapewa nafasi kwenye chombo cha Starliner mwezi Juni, na masanduku ya nguo ya wanaanga wawili waliokuwa wakisafiri nacho yakashushwa. Safari ya siku chache ilipogeuka kuwa ya miezi, nguo zao zililetwa na Cygnus mwezi Agosti.

Sasa njiani. Chombo huingia kwanza kwenye obiti, yaani njia ya kuizunguka dunia, ya chini kuliko ya kituo. Kilicho chini huzunguka haraka zaidi, kwa hiyo kinakikaribia kituo kutoka nyuma, huku kikiwasha injini kwa vipindi vilivyopangwa ili kupanda. Kukizunguka kituo kuna mipaka miwili: eneo la umbo la yai lenye urefu wa kilomita 4 na upana wa 2, na ndani yake tufe la nusu kipenyo cha mita 200. Hakuna mpaka unaovukwa bila idhini ya waongozaji.

Cygnus hupanda kutoka chini, upande wa dunia, na hapo pana akili nzuri sana. Ukiwa chini ya kituo, obiti yenyewe inataka kukutoa pale; ili usogee juu lazima uendelee kusukuma. Injini zikizimika ghafla, chombo kinashuka na kutangulia mbele, hakikigongi kituo. Hitilafu inageuka kuwa kuachana, si kugongana. Ungefika kwa kasi kutoka nyuma, kosa hilohilo lingekupeleka moja kwa moja kwenye kuta za watu.

Kinasimama mita 250 chini, nje kidogo ya lile tufe. Vipimo vya umbali vya leza vinakaguliwa, wanaanga wanajaribu amri zao kwenye kidhibiti: simama, rudi nyuma, ondoka. Kikiruhusiwa, kinasogea hadi mita 30 na kusimama tena, kisha hadi kama mita 10. Hapo injini zake zote zinafungwa kinaelea tu, kwa sababu mkono wa roboti wa kituo, Canadarm2, wenye urefu wa zaidi ya mita 17, usingependa kukamata kitu kinachojisukuma. Mwanaanga aliye kwenye chumba chenye madirisha kiitwacho Cupola anauongoza mkono hadi kwenye pini iliyo kwenye chombo. Kebo tatu zilizo kwenye ncha ya mkono zinajikaza kuizunguka pini na kuivuta. Muda wa kufanya hivyo si mrefu, maana chombo kilichofunga injini huanza kugeuka polepole.

Kukamata si kufunga. Mkono unakipeleka chombo kwenye gati la Unity, mojawapo ya moduli (vyumba) za kituo, linalotazama dunia, vishikizo vinne vinakivuta karibu, kisha bolti 16 za umeme zinakazwa kwa hatua. Nafasi ndogo iliyo kati ya milango miwili inajazwa hewa na kuangaliwa kama inavuja. Ndipo wanaanga wanafungua, wanaondoa visanduku vinne vinavyoendesha zile bolti, ambavyo viko katikati ya njia, na kuunganisha nyaya za umeme na data pamoja na bomba la kusambaza hewa. Wa kwanza kuingia huvaa miwani na barakoa, kwa sababu vumbi na vipande vidogo vilivyobaki kiwandani havitulii chini. Vinaelea usawa wa macho.

Dragon ya kizazi cha sasa, iliyoanza kubeba mizigo Desemba 2020, haihitaji mkono. Inajipachika yenyewe. Inaokoa saa za wanaanga, lakini mlango wake wa duara una upana wa kama sentimita 80, wakati mlango wa Cygnus ni wa mraba wa karibu sentimita 94. Kifaa kipana hakina budi kuja kwa Cygnus. Hiyo ni sababu ya kwanza ya kuwa na vyombo viwili, na haina uhusiano wowote na ajali.

Ya pili ni ajali. Tarehe 28 Oktoba 2014 roketi ya Antares iliyobeba Cygnus ililipuka sekunde chache baada ya kuruka kutoka Wallops, Virginia. Injini zake zilikuwa za Kisovieti zilizotengenezwa miongo kadhaa kabla na kukarabatiwa, na pampu ya oksijeni ya mojawapo ilisambaratika. Tarehe 28 Aprili 2015 chombo cha Kirusi cha Progress kilifika obiti kikizunguka bila kudhibitika, kikapotea. Tarehe 28 Juni mwaka huohuo Falcon 9 iliyobeba Dragon ilipasuka sekunde ya 139. Kampuni ilieleza kuwa ndani ya tangi la oksijeni la hatua ya pili, yaani sehemu ya juu ya roketi, kiungo cha chuma kilichoshikilia chupa ya heliamu kilikatika kwenye nguvu ambayo ni moja ya tano tu ya ile kilichoahidiwa kuhimili. Dragon yenyewe ilinusurika ule mpasuko, ikaendelea kutuma data wakati inaanguka, lakini programu yake haikuwa na amri ya kufungua miavuli katika hali ile. Amri hiyo iliongezwa baadaye.

Vyombo vitatu katika miezi minane, na kituo hakikuhamwa. Akiba ya chakula na maji ilipungua, haikuisha, kwa sababu hitilafu zile hazikuwa na asili moja: roketi tofauti, injini tofauti, viwanda tofauti. Progress ilirudi kazini siku chache baada ya ajali ya Dragon, Japani ikapeleka chombo chake mwezi Agosti, na Cygnus ikapandishwa juu ya roketi ya kampuni nyingine, Atlas V, Desemba 2015 wakati Antares inabadilishiwa injini.

Hitilafu ndogo zinafundisha zaidi, kwa maoni yangu, kwa sababu chombo kinabaki hai na watu wana muda wa kufikiri. Mei 2012 Dragon ya kwanza kufika kituoni ilibidi irudi nyuma ikiwa karibu sana, kwa kuwa vipima umbali vyake vya leza vilidanganywa na mwanga ulioakisiwa kutoka moduli ya Kijapani ya Kibo. Waongozaji walipunguza upana wa eneo ambalo kipima kinatazama, ikaendelea. Machi 2013 Dragon nyingine ilifika obiti na kundi moja tu kati ya manne ya injini ndogo likifanya kazi. Valvu za mfumo wa heliamu zilikuwa zimekwama. Walituma programu ya kukusanya shinikizo nyuma ya valvu na kuliachia ghafla, zikafunguka. Septemba ya mwaka huo Cygnus ya kwanza ilikataa data za GPS za kituo kwa sababu mpangilio wake haukulingana na wa kwake. Marekebisho ya programu yalikuwa ya muda mfupi, lakini Soyuz, chombo cha Kirusi chenye watu, ilikuwa njiani, kwa hiyo chombo kikasubiri wiki nzima angani.

Novemba 2022 kipande cha blanketi la kuzuia kelele la roketi kilinasa kwenye paneli moja ya sola ya Cygnus wakati hatua zinaachana. Paneli ikashindwa kufunguka. Chombo kilifika kwa kutumia paneli moja, kikakamatwa tarehe 9. Ndani yake ilikuwemo PearlAfricaSat-1, setilaiti ya kwanza ya Uganda, iliyoachiwa kutoka Kibo tarehe 2 Desemba. Setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ilipita njia hiyohiyo mwaka 2018, ila yenyewe ililetwa na Dragon.

Septemba 2025 Cygnus kubwa zaidi, yenye karibu tani 5 za mzigo, ilizima injini kuu mapema mara mbili. Injini haikuwa mbovu. Kinga ya programu ilikuwa imewekwa kwa tahadhari kupita kiasi. Ilifika siku moja baada ya ratiba.

Baada ya kupakuliwa, vyombo viwili vinatofautiana kabisa kwa matumizi. Dragon ina ngao ya joto na inarudi baharini na sampuli zilizogandishwa. Tangu 2025 inatua pwani ya California badala ya Florida, ili sehemu yake ya nyuma isiyorudi iangukie baharini mbali na watu, baada ya mabaki ya sehemu kama hiyo kuokotwa North Carolina mwaka 2024. Cygnus hairudi. Inajazwa taka kwa miezi, kisha inaungua juu ya Pasifiki ya Kusini. Kutorudi huko kuna faida: tangu 2016 baadhi yake zimetumika kuwasha moto mkubwa ndani, baada ya kuachana na kituo, ili kupima jinsi miali inavyosambaa pasipo uzito. Jaribio hilo huwezi kulifanya kwenye chombo chenye watu. Cygnus pia imewahi kukisukuma kituo juu: Juni 2022 jaribio la kwanza lilikatizwa baada ya sekunde 5, la pili likaenda dakika 5 na sekunde 1.

Kinachonitia wasiwasi sasa ni kwamba njia mbili zimekaribia kuwa moja. Antares ya mwisho ya aina ile iliruka Agosti 2023; injini zake zilitoka Urusi na hatua yake ya kwanza ilijengwa Ukraine, na vita vilikata vyote. Tangu hapo Cygnus hupanda Falcon 9, roketi ileile ya Dragon. Falcon 9 ikisimamishwa, vyombo vyote viwili vya Marekani vinasimama. Machi 2025 moduli ya Cygnus iliharibika ikisafirishwa kwenye kontena lake, na Dragon ya mwezi uliofuata ikaongezewa chakula na mahitaji ya kila siku. Hapo mfumo ulifanya kazi kwa sababu hitilafu ilikuwa ya chombo. Ingekuwa ya roketi, hesabu ingekuwa tofauti.

Dream Chaser, chombo cha mizigo cha kampuni ya Sierra Space iliyopewa mkataba tangu 2016, bado haijafika kituoni, na mwaka 2025 NASA iliubadilisha mkataba huo ili safari ya kwanza iwe ya majaribio isiyoungana na kituo. Kilichoongeza njia nyingine hasa ni HTV-X, chombo cha mizigo cha Japani: iliruka Oktoba 2025 kutoka Tanegashima, juu ya roketi yao wenyewe ya H3, ikakamatwa na Canadarm2 siku tatu baadaye.