Daftari la matokeo ya klabu: nimefikia wapi

Wiki hizi nimekuwa nikihamisha matokeo ya klabu yetu ya mbio kutoka kwenye daftari la mkono na kuyaingiza kwenye kompyuta. Daftari lina vitu vitatu tu: jina, umbali na muda. Zamani hayo yalitosha, kwa kuwa wote tulikimbia njia zilezile. Siku hizi wanachama wametawanyika. Wikiendi moja unakuta wengine wako kwenye kilomita 10 za jirani, dada yetu mmoja yuko Berlin, na mzee wetu aliyevuka miaka 60 yuko kwenye mbio za nyika, matope hadi magotini. Ukiwapanga wote kwa muda peke yake, lazima kuna mtu utamwonea.

Ndiyo maana jedwali jipya limeongezewa safu: njia imepimwa rasmi au la, mwinuko na mteremko, joto na upepo, muda wa bastola ya kuanzishia mbio na muda wa chipu, kile kifaa kidogo cha elektroniki anachovaa mkimbiaji.

Hiyo ya bastola na chipu imezua mjadala mrefu mazoezini. Kwenye mbio kubwa, aliye nyuma ya umati anaweza kutembea dakika nyingi kabla hajaukanyaga mkeka wa kuanzia. Chipu inahesabu kuanzia pale alipoukanyaga, bastola inahesabu tangu ilipolia. Tumekubaliana hivi: muda bora wa mwanachama tunautoa kwenye chipu, lakini nafasi aliyoshika tunaiandika kama waandaaji walivyoitangaza. Nadhani ni haki. Waliokuwa mstari wa mbele walishindana bega kwa bega, na aliyetangulia kukata utepe ndiye mshindi.

Sehemu iliyonivutia kuliko zote ni upimaji wa njia. Nilipata nafasi ya kuwatazama wapimaji wakifanya kazi. Wanatumia baiskeli yenye kifaa kidogo cha kuhesabia, kimefungwa kwenye ekseli ya gurudumu la mbele. Kwanza wanapima kipande cha barabara iliyonyooka kwa utepe wa chuma, kisha wanakipita na baiskeli mara kadhaa ili wajue kilomita moja ni hesabu ngapi za kifaa. Wakimaliza kupima njia nzima wanarudi palepale na kurudia, kwa sababu jua likipanda hewa ndani ya tairi hutanuka na hesabu hubadilika. Njiani baiskeli hufuata mstari mfupi kabisa ambao mkimbiaji anaweza kuupita, na kwenye kona hukaa sentimita 30 tu kutoka ukingoni. Baada ya hapo huongeza mita 1 kwa kila kilomita ili njia isije ikaonekana fupi ikipimwa upya. Kwa hiyo marathoni ya kilomita 42.195 huwekwa ikiwa na nyongeza ya mita kama 42.

Nimeeleza yote haya kwa sababu kila baada ya mbio kuna mwenzetu anakuja na saa yake ya mkononi inayosema kilomita 42.7, akitaka nimwandikie muda wa pale saa iliposoma 42.195. Hapana. Alizunguka kona kwa nje, alipita watu kulia na kushoto, na saa nayo hubahatisha ikiwa kati ya majengo marefu. Muda ni wa mstari wa kumalizia.

Marathoni ya Boston, Marekani, nimeitengea ukurasa wake. Njia yake huanzia Hopkinton na kuishia mjini, na hushuka takriban mita 140 kwa jumla. Kanuni za rekodi ya dunia zinaruhusu mteremko usiozidi mita 1 kwa kila kilomita, na mwanzo na mwisho visiachane kwa zaidi ya nusu ya umbali wa mbio. Mwaka 2011 Geoffrey Mutai wa Kenya alishinda pale kwa saa 2:03:02, kasi kuliko 2:03:59 ya Haile Gebrselassie iliyokuwa rekodi wakati ule, na haikuhesabiwa kuwa rekodi. Lakini asije mtu akasema Boston ni rahisi. Mteremko wa mwanzo huponda mapaja, halafu vilima vya Newton vinakusubiri ukiwa umeshapita kilomita 25. Mwenzetu aliyerudi kutoka huko alishuka ngazi kinyumenyume siku mbili nzima, na muda wake nimeuandika kwa heshima zote.

Kisha kuna mbio ndefu za Comrades, Afrika Kusini, kati ya Durban na Pietermaritzburg, karibu kilomita 90. Mwaka mmoja wanapanda, mwingine wanashuka, kwa hiyo hata Comrades na Comrades hazilingani. Muda wa mwisho ni saa 12 tangu bastola ilie, na ukichelewa kwa sekunde moja hupati medali. Kaka yetu aliyemaliza zikiwa zimebaki dakika chache angekuwa wa mwisho kabisa kwenye daftari la zamani. Sasa ana safu inayoonyesha alifanya nini.

Mbio za nyika nimezirahisisha: naandika nafasi tu. Tope la mwaka huu si tope la mwaka jana.

Kwa ajili ya wakongwe nimeanza kutumia majedwali ya umri, yale yanayolinganisha muda wako na kiwango cha juu kabisa cha watu wa umri na jinsia yako, kisha yanakupa asilimia. Nilipoyajaribu kwenye matokeo ya msimu huu, aliyeongoza klabu nzima hakuwa kijana wetu mwenye mbio kali bali mama mmoja anayekimbia nusu marathoni kimyakimya na kuondoka kabla ya picha. Nilipomwonyesha akaniomba nipige hesabu tena. Nikapiga, jibu likawa lilelile.

Kilichobaki ni mbio za kupokezana vijiti, ambazo daftari limeandika muda wa timu bila kugawa nani alikimbia kipande kipi. Wale waliokimbia, tafadhali nileteeni mnachokumbuka pamoja na namba zenu za kifuani kama bado mnazo. Kipande cha tatu, kile chenye mlima, ndicho nakihitaji kwanza.