Tairi kubwa zinadanganya mshale, na hesabu ya mafuta pia

Siku hizi hapa Tabora kila mwenye Hilux anataka tairi kubwa, gari ikae juu, ipite mchanga wa vijijini kwa madaha. Sipingi, inapendeza kweli, ila watu wakishafunga hawaulizi tena dashibodi inasema nini.

Iko hivi, gari haijui imetembea umbali gani, inahesabu mizunguko tu. Tuseme ilikuja na tairi saizi 265/65R17, kipenyo chake ni kama sentimita 77.6, wewe unapachika 285/70R17 yenye sentimita 83, yaani kila mzunguko gari inasogea asilimia 7 zaidi na dashibodi haina habari. Mshale wa spidi uko 80, hesabu inasema 85 na ushee. Unaingia Urambo kwenye 50 umetulia zako, na trafiki mwenye tochi hasomi dashibodi yako! Kuna kaunafuu lakini, gari nyingi toka kiwandani mshale husoma juu kidogo kuliko spidi halisi, kwa hiyo wengine wakifunga tairi kubwa ndo mshale unaanza kusema ukweli.

Kwenye kilomita sasa, unafuu huo usiutegemee. Jamaa yangu alikuwa analia gari imeanza kunywa, zamani lita 40 alikuwa anatembea kilomita 400, sasa anapata 340, akataka fundi afungue nozeli, zile zinazopuliza mafuta kwenye injini. Nikamwambia subiri kwanza, zidisha hizo 340 kwa 1.07, unapata karibu 364, yaani umetoka kilomita 10 kwa lita kwenda 9.1, sio 8.5 unayolilia. Hasara ipo, sikatai, tairi pana lina uzito, linaburuza, gari iliyonyanyuliwa inakamata upepo, halafu gea zinakuwa kama zimerefushwa, injini inahangaika kuondoka, na ukifika milima ya Kasulu utajikuta unashusha gea ambapo zamani ulipita tu. Ila nozeli za watu hazina kosa.

Na oili pia, ukibadili kila 5,000 za dashibodi ujue gari imeshakula kama 5,350.

Kupima ni bure. Vibao vya kilomita vya pembeni ya barabara vipo, au washa GPS ya simu, rudisha tripu, kile kihesabu cha kilomita za safari kwenye dashibodi, kwenye sifuri, tembea kilomita 20 za kweli. Tripu ikisoma 18.7, ndo asilimia 7 yako hiyo.