Nathani alifumba, kisha akafumbua

Mhubiri mwenye neno gumu na asiye na ujasiri wa kulisema hupiga fumbo. "Kuna mtu humu ndani, jina simtaji, lakini Mungu anamwona." Waumini wanageuza shingo, kila mmoja anamtafuta mwingine, na mwenye kosa anaitikia amina kwa sauti kuliko wote. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu atalifumbua, walisema wahenga. Kanisani hulifumbua kila mtu kivyake, na mara nyingi lawama humwangukia asiyehusika kabisa.

Wanaoitetea desturi hii hupenda kumtaja Nathani wa 2 Samweli 12, nabii aliyemkemea Mfalme Daudi kwa kumchukua Bathsheba, mke wa askari wake Uria, na kumfanya Uria auawe vitani na Waamoni. Ni kweli alianza na fumbo: tajiri mwenye mifugo mingi anamnyang'anya maskini mwanakondoo wake mmoja, aya 4 tu. Ila tazama alivyolitumia. Kwanza, alimwendea Daudi mwenyewe, hakwenda kulisimulia sokoni Daudi akiwa hayupo. Pili, alimletea mfalme kesi, na kuamua kesi ilikuwa kazi ya mfalme. Daudi akahukumu kwa sheria aliyoijua: mwanakondoo alipwe mara 4, sawasawa na Kutoka 22:1. Hukumu ilipokwisha kutoka kinywani mwake, Nathani akamwambia kwamba mtu huyo ni yeye. Tena hakuishia hapo. Akamtaja Uria Mhiti kwa jina, akataja upanga wa Waamoni, akataja mke aliyechukuliwa. Ukihubiri fumbo bila kufika kwenye aya ya 7, pale aliposema "mtu huyo ni wewe", umeacha kazi njiani.

Kuna jambo la Nathani linalosahaulika zaidi. Katika sura ya 7 Daudi alimweleza nia ya kujenga nyumba ya Mungu, naye akajibu papo hapo: fanya yote yaliyo moyoni mwako, Bwana yu pamoja nawe. Usiku uleule Mungu akamsahihisha, ikabidi arudi kwa mfalme na neno tofauti na lile alilokwisha kulitoa. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha kwanza cha mtu anayetaka kukemea wengine: je, aliwahi kurudi mbele ya watu wale wale akasema "nilikosea"? Asiyewahi, maneno yake "Bwana ameniambia" huwa ni kufuli la kufunga mjadala tu. Hakuna wa kumuuliza ameyapata wapi, na bila kuuliza hakuna kupima, ilhali Paulo aliagiza manabii wanene wawili au watatu na wengine wapambanue (1 Wakorintho 14:29).

Sasa nabii Amosi. Yeye alisema hadharani, na kosa lenyewe lilikuwa la hadharani. Hakusema "kuna uonevu katika nchi", maana hata mwonevu angeunga mkono. Alitaja kipimo: efa, kipimo cha nafaka, imepunguzwa, shekeli, uzito wa kupimia fedha, imeongezwa, mizani ni ya udanganyifu, na makapi ya ngano yanauzwa pamoja na ngano (8:5-6). Alitaja nguo za rehani zilizotandikwa kando ya kila madhabahu (2:8), wakati Kutoka 22:26 inataka nguo ya maskini irudishwe kabla jua halijachwa. Msikilizaji angeweza kutoka pale akaenda kukagua mizani mwenyewe. Neno ambalo mtu hawezi kwenda kulikagua ni gumu kulitubia pia.

Kwa mchungaji anayetaka kusema juu ya fedha za kanisa, kwa mfano, maandalizi hayaanzii kwenye maombi ya kufunga peke yake. Yanaanzia kwenye daftari. Chukua karatasi, igawe sehemu 3: niliyoyaona kwa macho, niliyoambiwa na nani, ninayoyahisi. Sehemu ya tatu usiihubiri, hata kama inawaka moyoni. Ya pili itafutie uthibitisho, kwa kuwa 1 Timotheo 5:19 inakataza kupokea mashtaka juu ya mzee ila kwa mashahidi wawili au watatu. Linganisha sadaka iliyohesabiwa na iliyofika benki, Jumapili kwa Jumapili, kisha stakabadhi na matumizi yaliyoidhinishwa. Mara nyingi utakuta si wizi bali uzembe: mtu mmoja anahesabu, anaandika na anapeleka benki. Huyo hahitaji kukemewa kwanza, anahitaji kuongezewa wawili wa kuhesabu naye. Ukimwita mwizi kisha stakabadhi zikapatikana kwenye droo, hata siku utakayokuwa na haki hutasikilizwa.

Baada ya daftari ndipo Mathayo 18:15-17 inaingia: wewe na yeye peke yenu, kisha mmoja au wawili, kisha kanisa. Hatua ya kwanza huharibika kwa njia mbili. Ama mchungaji anaanza na wasaidizi wake "ili tuombe pamoja", na jioni habari imeshafika kwaya. Ama anazunguka sana kwa upole hadi aliyeitwa anaondoka akidhani alialikwa chai. Sema kosa katika sentensi ya kwanza au ya pili, kisha nyamaza umsikilize.

Lakini utaratibu huo si wa kila jambo, na hapa makanisa yameumiza watu vibaya. Mtoto aliyedhulumiwa, au mwanamke anayepigwa, hapelekwi kukaa chumba kimoja na aliyemtenda eti "mkamalizane". Mathayo 18 inahusu ndugu na ndugu. Mtoto si ndugu anayelingana na mtu mzima mwenye mamlaka juu yake. Hilo ni kosa la jinai, linakwenda polisi na hospitali siku hiyohiyo, na mtuhumiwa anaondolewa kwenye huduma ya watoto wakati uchunguzi ukiendelea. Wala habari ya aliyeumizwa isigeuzwe kielelezo cha mahubiri, hata bila jina. Katika ushirika wa watu 200, umri na mtaa vinatosha kumtaja.

Kinachowanyamazisha wahubiri wengi ni mkate. Nabii Mika alilisema waziwazi: wanaopewa kitu cha kutafuna hutangaza amani, na asiyetia kitu vinywani mwao humwandalia vita (3:5). Mfalme Ahabu wa Israeli alikuwa na manabii wapatao 400 waliokubaliana naye aende vitani, na Mikaya mwana wa Imla mmoja tu upande wa pili (1 Wafalme 22). Amazia, kuhani wa Betheli, alimwambia Amosi akale mkate wake Yuda, akidhani unabii ni ajira kama yake. Amosi alikuwa na mifugo na mikuyu. Si kila mchungaji ana mikuyu, najua. Linalowezekana ni baraza la wazee kuamua posho ya mchungaji, na fedha yake kutoka mfuko wa wote badala ya bahasha ya mtu mmoja. Mfadhili mkuu akiwa mmoja, kuna aya za Biblia zitakazoacha kusomwa bila mtu yeyote kutoa amri.

Neno linapoelekezwa kwa wenye mamlaka ya nchi, sauti moja huvunjwa kwa urahisi. Maaskofu Wakatoliki wa Malawi walilielewa hilo. Barua yao ya Kwaresima iliyosomwa makanisani tarehe 8 Machi 1992 ilitiwa sahihi na maaskofu wote 7, ikasomwa nchi nzima siku moja, na haikuishia kwenye maneno ya jumla. Iligusa shule, hospitali, pengo la matajiri na maskini, na hofu ya kusema. Mwaka uliofuata wananchi walipiga kura ya maoni na utawala wa chama kimoja ukafikia mwisho.

Tuseme basi mtu amekiri. Hapa ndipo ushirika mwingi unapokosea, kwa kudhani machozi yametosha. Hesabu 5:7 inataka alichochukua kirudishwe kamili na kuongezwa sehemu moja ya 5; Zakayo, mtoza ushuru, akajitoza mara 4. Andikeni kiasi, tarehe za kulipa, na nani atapokea. Asirudishiwe funguo za hazina, na aelezwe kwamba hiyo si ishara ya kutosamehewa. Kisha mtu atumwe kumtembelea nyumbani, maana kuna adhabu inayomeza mtu kwa huzuni ipitayo kiasi, kama Paulo alivyowaonya Wakorintho katika waraka wa pili (2:6-8).

Nathani mwenyewe hakupotea baada ya kusema. Sulemani alipozaliwa, ndiye aliyetumwa na jina la Yedidia, maana yake mpendwa wa Bwana. Na ukisoma orodha ya wana ambao Bathsheba alimzalia Daudi, 1 Nyakati 3:5, utakuta mmoja wao anaitwa Nathani.